Vifaa vya Kuanzia Yoga Nyumbani: Nini Ununue, Nini Ushone, Nini Utoe Kabatini

Karibu kila wiki naulizwa maswali yaleyale. Mkeka gani mzuri? Lazima ninunue yale matofali ya yoga? Mswala unafaa? Nina zulia sebuleni, si linatosha? Huwa najibu mmoja mmoja, mara nyingine kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, na kesho yake anakuja mwingine na swali lilelile. Basi nimeyaandika yote hapa, hatua kwa hatua, ili ukienda dukani ujue unachokifuata na hela nyingine ibaki kwako.

Nafanya yoga nyumbani, Dar es Salaam, kwenye sebule ya kupanga yenye sakafu ya tailizi. Kwa miaka yote hiyo nimejifunza kwamba kitu cha kununua kwa makini ni kimoja tu, mkeka. Vingine karibu vyote viko tayari ndani mwako, au kwa fundi wa mtaani kwako. Na mkeka wenyewe unachaguliwa kwa kuangalia sakafu yako na mwili wako. Rangi iwe ya mwisho.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Tepu ya fundi cherehani, au futi ya fundi seremala.
- Chaki.
- Kanga moja kuukuu iliyofuliwa mara nyingi.
- Blanketi moja zito.
- Kiti kimoja kigumu, kisicho na magurudumu na kisichoyumba.
- Ukuta mtupu wenye upana wa mita 1 hivi.

Kama una presha ya kupanda, presha ya macho, ujauzito, umefanyiwa operesheni karibuni, au una maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni, onana na daktari kwanza. Mwambie wazi kwamba mazoezi yenyewe yana kuinama na kichwa kuwa chini. Ukimwambia tu "nataka kunyoosha viungo", hatajua cha kukukataza.

Hatua ya 1: Pima nafasi yako

Lala chali pale unapotaka kufanyia mazoezi. Nyoosha mikono nyuma ya kichwa, kisha ifungue pembeni kama msalaba. Mwombe mtu aweke alama ya chaki kila ncha ya vidole inapoishia na visigino vinapoishia. Mtu wa kimo cha sentimita 165 akinyoosha mikono hivyo anachukua zaidi ya mita 2, kwa hiyo nafasi ya mita 2 kwa 2 na nusu inatosha vizuri. Kama chumba hakikupi hiyo, sogeza meza ya kahawa kila asubuhi na uirudishe. Watu wengi wanafanya hivyo na hakuna kinachopungua.

Halafu simama, inua mikono juu, angalia dari. Nyumba nyingi za kupanga zina dari fupi, na pangaboi linaning'inia chini kuliko unavyodhani. Hakikisha vidole viko mbali nalo hata ukisimama kwa ncha za miguu.

Hatua ya 2: Ijue sakafu yako

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo wanapoumia.

*Tailizi na terazo.* Zinateleza, hasa zikiwa zimetoka kupigwa deki kwa sabuni ya unga. Utando wa sabuni unabaki hata maji yakikauka. Siku za mazoezi, pitisha kitambaa chenye maji matupu kisha subiri sakafu ikauke kabisa. Mkeka wa sakafu hii lazima uwe na mpira unaong'ang'ania upande wa chini.

*Saruji iliyosuguliwa.* Haitelezi sana, ila ni baridi na ngumu kwa magoti, na vumbi lake hula mkeka upande wa chini. Fagia kila mara.

*Zulia.* Swali la "si linatosha?" jibu lake ni hapana, isipokuwa kwa kukaa na kulala. Miguu ikitanuka juu ya zulia, nyuzi zinalala upande mmoja na wewe unaenda nazo. Ukitandika mkeka juu ya zulia lenye manyoya marefu, mkeka unatembea na kujikunja katikati. Lipindue zulia pembeni, fanyia sakafuni.

*Mkeka wa ukindu na jamvi.* Navipenda kwa kukaa na kuvuta pumzi, vinapitisha hewa kuliko kitu chochote cha dukani. Kwa kusimama, usijaribu. Mwaka wangu wa kwanza nilitandika mkeka wa ukindu juu ya tailizi niliyokuwa nimemaliza kuipiga deki. Nikatanua miguu kiasi cha mita moja, mkono mmoja chini mwingine juu, na mguu wa nyuma ukaondoka na mkeka. Paja la ndani liliniuma wiki tatu. Kupanda daladala tu ilikuwa kazi.

*Mswala.* Ni mfupi, sentimita 110 hivi, na umetengenezwa ulale laini sakafuni, kwa hiyo unateleza. Zaidi ya hayo, uache ubaki kwa ibada yake. Jasho na visigino vitafute pahala pengine.

Hatua ya 3: Chagua unene na urefu

Unene huandikwa kwa milimita, na ndio namba ya kwanza ya kuangalia.

Milimita 3 au pungufu ni mkeka mwembamba wa kusafiri. Unakupa uimara mzuri ukisimama, lakini juu ya tailizi goti linahisi kama liko mfupa kwa jiwe. Milimita 4 hadi 6 ndio mkeka wa kawaida wa yoga. Anayeanza, mwenye sakafu ngumu, namshauri 5 au 6. Milimita 10 hadi 15 ni mkeka wa mazoezi ya tumbo, na ndio huo unaojaa madukani kwa sababu ukiuminya mkononi unaonekana wa starehe.

Huo mnene ndio kosa la kwanza la wanaoanza. Simama juu yake kwa mguu mmoja uone: kifundo cha mguu kinacheza huku na huku kama uko juu ya godoro, na mguu unachoka kabla ya zoezi kuanza. Viganja navyo vinazama, kifundo cha mkono kinakunjika zaidi ya inavyopaswa, na baada ya wiki mbili unasema yoga inaumiza mikono. Kama magoti yako yanahitaji ulaini, weka blanketi lililokunjwa chini ya magoti peke yake. Miguu iache ihisi sakafu.

Urefu wa kawaida ni sentimita 173 kwa upana wa 61. Ukilala chali, kichwa na visigino vyote viwe ndani ya mkeka, kwa hiyo kama kimo chako kinapita 170 hivi, tafuta wa 183. Upana wa 61 unawatosha wengi. Mtu mwenye mabega mapana anaweza kutafuta mpana zaidi, ila akumbuke kwamba mkeka mpana ni mzito kuubeba na kuufua.

Hatua ya 4: Chagua malighafi

Kwenye lebo utakuta herufi tu. Maana yake kwako ni hii:

*PVC.* Plastiki. Bei yake huwa ya chini, inadumu miaka, inafulika. Mpya inateleza kidogo na ina harufu. Vyote viwili hupungua kwa kufua na kutumia. Haiozi, kwa hiyo ukiinunua uikusudie kukaa nayo muda mrefu. Kwa anayeanza na bajeti ndogo, mimi nasema hii.

*TPE.* Plastiki laini yenye tabia ya mpira. Nyepesi, haina harufu kali, inashika vizuri ikiwa mpya. Ubaya wake ni kuchanika. Kucha ndefu za miguu zinaimega, na jua linaifanya ipasuke.

*Mpira asilia.* Unashika kuliko vyote. Ni mzito, mara nyingi kilo 2 hadi 3, una harufu ya tairi jipya wiki za mwanzo, na bei yake iko juu. Jua ni adui yake. Na kama ngozi yako hukataa glovu za mpira za hospitali, huu usiuguse.

*NBR.* Mpira wa kutengenezwa kiwandani. Ndiyo ile minene yenye povu jepesi. Inavutika ukiisukuma, na yoga ya kusimama inataka kitu kisichovutika.

*Koki.* Gome la mti uleule unaotoa vizibo vya chupa, likiwa limebandikwa juu ya mpira. Lina tabia nzuri kwa pwani: likipata unyevu kidogo linashika zaidi. Kama mikono yako hutoka jasho sana na mfuko unaruhusu, koki itakufaa.

*Pamba.* Mkeka uliofumwa, wa kutandika juu ya mkeka wa mpira ili unywe jasho. Peke yake juu ya tailizi ni hatari ileile ya ukindu.

Hatua ya 5: Kagua dukani kabla ya kulipa

Nenda na tepu yako. Mwambie muuzaji kwa upole, "Kaka, naomba niukunjue nitazame." Akikataa usiufungue, mshukuru uende duka la pili. Kariakoo peke yake maduka ya vifaa vya michezo yako mengi. Ukishaufungua:

1. Pima unene kwenye ukingo na urefu wake wote. Namba ya kwenye lebo na namba ya tepu si mara zote zinapatana.
2. Bonyeza kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu, achia. Shimo lirudi mara moja. Likibaki, mkeka huo utachoka ndani ya miezi michache.
3. Weka kiganja kikavu, kandamiza, sukuma mbele. Kiganja kisiende. Kikienda kwa urahisi ukiwa dukani mkavu, nyumbani ukitoka jasho itakuwaje?
4. Utandike sakafuni, vua viatu, simama miguu imetanuka, na usukume kila mguu upande wake kana kwamba unataka kuupasua mkeka. Usivutike na usihame.
5. Unuse. Harufu ya kawaida ya plastiki mpya si tatizo. Harufu inayokuchoma macho au koo, rudisha.
6. Kwaruza kidogo ukingoni kwa ukucha. Vikitoka vipande, umeshapata jibu.

Ukinunua kwa simu, mwombe muuzaji picha ya mkeka wenyewe ukiwa umewekewa tepu kwenye ukingo na picha ya lebo. Picha ya mwanamke amekaa ufukweni na mkeka haikuambii chochote.

Hatua ya 6: Mkanda. Usinunue, chukua kanga

Mkanda wa yoga kazi yake ni kuurefusha mkono. Umelala chali, unataka kuinua mguu umenyooka, mkono haufiki kwenye unyayo, basi mkanda unafika. Wa dukani una urefu wa mita 1.8 au 2.4 na hauvutiki.

Kanga moja ina sentimita 150 kwa 110, zaidi kidogo au pungufu. Itandaze kitandani, shika kona mbili zinazotazamana, uikunje kuanzia kona ya tatu hadi ya nne, ukiizungusha kama unatengeneza kata ya kubebea ndoo. Ukimaliza, una mkanda wa sentimita 185 hivi, yaani sawasawa na ule wa mita 1.8. Kama wewe ni mrefu au nyonga zako zimekaza sana, tumia doti ambayo haijakatwa, itakupa mita 3.

Iwe kanga kuukuu. Mpya bado ina wanga, inateleza unyayoni na fundo lake linafunguka. Kitenge kizito nacho kinafaa. Usitumie taiti, mpira wa ndani wa baiskeli, wala kitambaa chochote kinachovutika, kwa sababu kinakurudishia mguu kwa kishindo. Mkanda wa suruali ni mfupi na unakata ngozi.

Ukitaka wa kudumu, waone wauzaji wa vifaa vya mafundi wa mabegi. Nunua utepe wa begi wa pamba wenye upana wa sentimita 4, urefu mita 2.4, na pete mbili zenye umbo la D. Fundi cherehani anashona ncha moja kwenye pete, kazi ya dakika tano.

Hatua ya 7: Matofali

Tofali la yoga linaileta sakafu juu. Ukiinama na mikono ikaishia magotini, unaweka tofali chini ya kila mkono, mgongo unanyooka, na pumzi inapita. Kipimo chake cha kawaida ni sentimita 23 kwa 15 kwa 10, kwa hiyo ukiligeuza unapata kimo cha aina tatu. Nunua au tengeneza mawili. Moja linakufanya uegemee upande.

Kuna wanaoona aibu kutumia tofali, kana kwamba ni gongo la mgonjwa. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, India, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki 2014, ndiye aliyevieneza zaidi vifaa hivi duniani, na alianza na vitu vya kawaida kama viti, kamba, matofali na mablanketi. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mgonjwamgonjwa. Tumia tofali bila wasiwasi.

Njia za kulipata:

*La povu gumu*, la dukani. Jepesi, halikuumizi likikugusa mgongo. Likandamize kwa mikono miwili kabla ya kununua. Likibonyea kama sponji ya kuoshea vyombo, liache.

*La mbao*, kwa fundi seremala. Mwambie achukue mbao ya mbili kwa sita, agundishe vipande viwili kwa gundi ya mbao, akate urefu wa sentimita 23, kisha azungushe kingo zote kwa randa na msasa mpaka ukipitisha kiganja kusiwe na kona. Asipake vanishi inayong'aa, inateleza. Mbao ya paina ni nyepesi kuliko mninga, na mara nyingi vipande vya kutosha viko kwenye mabaki yake. Tofali la mbao ni la kushika na kusimamia. Chini ya mgongo au kichwa usiliweke bila blanketi.

*La kuanzia leo*, bure. Vitabu vinene viwili vya ukubwa mmoja, vifunge pamoja kwa kamba viwe havichezi. Kigoda kifupi kisichoyumba nacho ni kizuri sana kwa mikono. Usitumie kopo la maziwa, linabingirika, wala tofali la saruji, kwani linachubua na kumeguka.

Hatua ya 8: Blanketi na mto mrefu

Kaa chini, kunja miguu. Tazama magoti. Yakiwa juu kuliko nyonga, mgongo wako umepinda nyuma, na ndiyo maana kiuno kinakuchoka ndani ya dakika tatu. Kunja blanketi, kalia ukingo wake, ongeza tabaka hadi magoti yashuke usawa wa nyonga. Wengine wanahitaji mablanketi mawili, na ni sawa kabisa. Blanketi zuri ni lile zito lisilo na manyoya, linalokunjika likabaki na pembe zake. Kwenye mitumba yapo tele. Yale laini ya manyoya yanabonyea yote ukiyakalia.

Mto mrefu ndio kifaa ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho wengi hawakinunui kwa sababu ya bei. Unalala nao chini ya mgongo, kifua kinafunguka, unatulia. Ushonishe mwenyewe kwa sufi. Huku kwetu sufi ndiyo mito tuliyolalia utotoni, na kwa kazi hii inashinda sponji, kwa maana inashindiliwa ikawa ngumu bila kuwa jiwe.

Mpe fundi vipimo hivi, mto ukikamilika uwe na urefu wa sentimita 65 na kipenyo cha 22:

- Kipande kimoja cha mstatili, sentimita 68 kwa 72. Hapo nimeshaweka pindo.
- Duara mbili zenye kipenyo cha sentimita 25, za kufunga ncha.
- Zipu ya sentimita 40 kwenye mshono wa urefu.
- Kitambaa cha ndani kiwe marekani au kaki, kilichofumwa kwa kubana, maana sufi hupenya. Cha nje kiwe kitenge, cha kuvua na kufua, kikate kikubwa kwa sentimita 1 kila upande.

Nilipompelekea fundi wangu vipimo hivi aliniuliza, "Dada, huu mto wa mgonjwa?" Nikamwambia ni wa kulalia mgongo, akataka kuujaribu. Akalala palepale juu ya meza ya kukatia vitambaa, akafumba macho, akasema, "Hebu uache hadi jioni."

Kujaza kuna subira. Vaa barakoa au jifunge kanga puani, kaa pasipo upepo, anza na ncha mbili, shindilia kwa ngumi, kisha katikati. Ukidhani umejaa, ongeza tena, kwani sufi hulala baada ya wiki. Mto uliokamilika ukiupiga ngumi, ngumi izame kidogo tu. Mwenye pumu ampe mtu mwingine kazi hii.

Hatua ya 9: Nguo

Miguu mitupu, sikuzote. Soksi juu ya tailizi ni kama kujitakia. Vaa bukta, taiti, au suruali ya kulalia yenye mpira miguuni. Dera halifai kabisa: ukiinama linakufunika kichwa, ukirudi juu umelikanyaga. Kwa anayetaka kujisitiri, suruali pana iliyobana kifundoni pamoja na fulana ndefu uliyoichomekea vinatosha.

Hatua ya 10: Siku ya kwanza na mkeka

Ufute pande zote mbili kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya maji, kisha maji matupu, uanike kivulini. Ukikauka, utandike kwenye alama zako za chaki, upande mfupi ukielekea ukutani, tofali kulia na kushoto, blanketi na kanga karibu. Usianze darasa la saa nzima. Fanya majaribio haya kwanza, tumbo likiwa halijapokea mlo mzito kwa saa mbili au tatu:

1. Piga magoti, viganja chini, kaa pumzi tano. Magoti yanauma? Weka blanketi.
2. Inua nyonga juu, mikono na miguu ibaki chini, magoti yakunje kidogo. Wale wanaofuata majina ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, wanaita Adho Mukha Svanasana. Pumzi tano. Angalia kama viganja vinahama.
3. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kidole kimoja kikigusa ukuta.
4. Tanua miguu, sukuma kila upande. Mkeka ubaki ulipo.
5. Lala chali, funika macho kwa ncha ya kanga, dakika tano.

Ukimaliza, andika kilichokusumbua. Hicho ndicho kitakachokuambia kifaa gani kifuate. Ndiyo maana nawakataza watu kununua seti nzima siku moja: unalipia vitu sita, unatumia viwili. Gurudumu la mgongo, bembea ya kuning'iniza darini, kiti cha kusimamia kichwa, hivyo vyote viache kwa sasa. Kusimama kwa kichwa usijifundishe peke yako nyumbani kwa kutazama video.

Ukikwama

*Viganja vinateleza.* Kama mkeka ni mpya, ufute tena kwa sabuni kidogo, kuna mafuta ya kiwandani. Kama ni jasho, weka taulo dogo la uso mbele na ulinyunyizie maji kidogo. Taulo lenye unyevu linashika kuliko lililokauka. Usijipake mafuta ya nazi wala losheni kabla ya mazoezi. Hilo pekee limewatibu wengi walionililia kuhusu mkeka.

*Mkeka mzima unatembea.* Tatizo ni sakafu. Futa vumbi na sabuni, futa na upande wa chini wa mkeka. Ukiendelea, sukuma ncha yake ya mbele mpaka iguse ukuta.

*Ncha zinajikunja juu.* Ukiuhifadhi, ukunje upande wa juu ukiwa nje. Ukiutandika tena, ncha zitalala zenyewe.

*Vifundo vya mikono vinauma.* Tanua vidole, gandamiza vitako vya vidole, uzito usikae wote kwenye shina la kiganja. Kunja ukingo wa mbele wa mkeka mara mbili, shina la kiganja likae juu ya mkunjo na vidole viwe chini. Kukiwa na ganzi au maumivu makali, acha zoezi hilo na umwone mtaalamu.

*Ngozi inatoa upele ulipogusa mkeka.* Acha kuutumia siku chache uone. Ukirudi na upele ukarudi, malighafi hiyo haikutaki. Mwenye mpira asilia ahamie TPE au PVC.

*Mkeka unanuka au una madoa meusi.* Ni ukungu, na pwani unakuja haraka, hasa masika. Usiukunje ukiwa na jasho. Uning'inize kwenye kamba kivulini, penye upepo, pande zote zikauke. Wa povu usiuloweke kwenye beseni: unakunywa maji na haukauki siku tatu. Mto wa sufi, kinyume chake, utoe juani kila baada ya wiki mbili na uupige ufufuke.

*Mkeka umechakaa, unatoa chembe.* Sehemu za mikono na miguu zikishakuwa laini na kung'aa, umeisha kazi ya kusimamia. Ukate kwa kisu: kipande cha sentimita 40 kwa 61 kikunje mara mbili kiwe cha magoti, na vipande vinne vidogo vibandike chini ya miguu ya kile kiti chako kigumu, kisiteleze kwenye tailizi.